Bi Kornelia Tluway na Nyota Iliyofuta Orodha ya Mbegu

Bi Kornelia Tluway anastaafu tarehe 30 Juni 2003, baada ya kulitumikia Shamba la Ngano la Gidabarsha kwa miaka ishirini na minane na miezi minne. Miaka kumi na mitatu ya kwanza alikuwa kwenye mizani, akipima malori. Iliyobaki alikuwa kwenye chumba cha kompyuta, akipima akili za watu waliodhani wanajua kompyuta. Kwa maneno yake mwenyewe, malori yalikuwa rahisi zaidi.

Alizaliwa kijiji cha Daudi, akafika kwetu Machi 1975 na sanduku la bati na mwandiko mzuri. Mwandiko ndio uliompa kazi. Madereva wa wakati ule bado wanamkumbuka, kwa sababu alikuwa akizunguka lori zima kabla ya kuandika uzito, na siku moja alimshusha dereva, utingo, mama mmoja na mbuzi wawili, wote waliokuwa wanahesabiwa kama ngano.

Mwaka 1988 wafadhili walileta kompyuta. Vijana wa siku hizi waelewe: haikuwa na picha, wala kipanya, wala mahali pa kubofya. Ilikuwa na kioo cheusi na mstari mmoja. Unaandika amri kwenye mstari, unabonyeza Enter, na mashine inatenda ulichoandika, si ulichokusudia. Mtaalamu aliyeileta alikaa wiki tatu, akaacha kitabu kinene cha Kiingereza na kuondoka. Meneja wa wakati ule aliuliza nani ana mwandiko mzuri. Ndivyo Bi Kornelia alivyokuwa mtaalamu wa kompyuta.

Kitabu alikisoma kwa kamusi, ukurasa kwa ukurasa, kwa mwaka mzima. Matunda yake yalionekana kwenye kesi ya Severine.

Severine Gidamis, mtunza ghala la mbegu, alikuwa akikaa tu kwenye mashine, mashine inaganda. Akiinuka, Bi Kornelia anagusa kidogo, inaendelea. Akirudi, inaganda tena. Ilisemekana ana mkono mbaya. Mpishi wa kantini alimshauri awaone wazee wa kwao, na mwenzetu mmoja alikataa kupokea chumvi kutoka mkononi mwake. Bi Kornelia alivuta kiti, akamtazama akifanya kazi asubuhi nzima. Mwisho akagundua. Severine kila akitaka kuandika S kubwa ya jina lake alikuwa anashikilia kitufe cha jirani, kiitwacho Ctrl, badala ya kile cha herufi kubwa. Kitufe hicho pamoja na S ni amri ya kuiambia skrini isimame. Dawa yake ni kitufe hichohicho na Q. Aliiandika dawa hiyo kwenye kadi, akaibandika ukutani: "Ikiganda, bonyeza hivi. Severine hajalogwa." Kadi ipo mpaka leo.

Sasa tuje kwenye nyota. Bwana Theodory Bura, aliyekuwa naibu meneja wakati huo na sasa ni meneja wetu, ndiye aliyeagiza wasifu huu uandikwe, akasisitiza usiache kitu. Tumetii.

Kwenye daftari letu la mbegu, tangu enzi za karatasi, shehena iliyofeli jaribio la kuota ilichorewa nyota nyekundu pembeni. Nyota maana yake ni usipande. Februari 1991, Severine alipohamishia daftari kwenye mashine, aliweka shehena zote mbovu kwenye faili moja, na kwa uaminifu wake wote akaliita faili hilo kwa jina walilolijua wote: nyota. Si neno nyota, bali alama yenyewe, *.

Mashine ililipokea bila kinyongo. Tatizo ni kwamba kwenye mstari wa amri, alama hiyo maana yake ni "vyote". Alhamisi Severine aliomba printa ichape nyota yake. Printa ikachapa nyota yake, na orodha ya mbegu, na vipuri, na zamu za walinzi, na barua za ofisi, kila kitu kilichokuwemo, kuanzia saa tatu mpaka saa nane mchana, hadi karatasi ikaisha stoo. Mhudumu wa usafi aliyakusanya matokeo kwa mikono miwili na kuyatoa nje kama taka.

Ijumaa Bi Kornelia alikuwa Daudi kwenye mazishi. Bwana Theodory aliamua kumaliza tatizo mwenyewe. Amri ya kufuta ni herufi mbili, rm. Aliandika rm, akaacha nafasi, akaweka nyota, akabonyeza Enter kwa kidole cha mtu aliyesoma. Mashine haikuuliza. Ilifuta vyote.

Wakaikimbilia kanda ya akiba, yenye nakala za mafaili. Kanda ilikuwepo, imetunzwa vizuri sana juu ya spika ya redio ya ofisi, na sumaku ya spika ilikuwa imeshaifuta siku nyingi.

Upandaji ulikuwa uanze Jumatatu. Magunia ghalani yalifanana yote, yana namba tu ubavuni, na hakuna aliyejua zipi ni mbegu hai na zipi ni mfu. Kupanda mbegu mfu Hanang ni kuupa upepo vumbi. Bi Kornelia aliporudi jioni alimkuta Bwana Theodory mlangoni na msimamo wake tayari: orodha isipopatikana kabla ya Jumatatu asubuhi, mashine inakwenda stoo ya vyuma chakavu, na yeye anarudi mizani. Bi Kornelia hakuuliza nani alifuta. Aliuliza swali moja tu: "Zile karatasi za jana ziko wapi?"

Mhudumu alijibu kwa fahari kwamba hazikupotea. Alimpa Mama Letisia, muuza maandazi.

Hivyo Jumamosi asubuhi trekta la shamba lilikwenda mnadani Getanuwas likiwa limebeba naibu meneja, mtunza ghala, Bi Kornelia na furushi la magazeti ya zamani. Mama Letisia alibadilishana bila ubishi, karatasi kwa karatasi, ila nyingi zilikuwa zimeshaondoka na wateja. Wakagawana mnada. Severine alikuwa akikimbia kati ya ng'ombe akiwaambia watu, "Mzee wangu, malizia andazi haraka, karatasi ni ya serikali!" Watu walimaliza kwa mwendo wao. Wengine walidai andazi la pili kama fidia. Kufikia saa saba orodha yote ilikuwa imerudi, ikinukia mafuta, isipokuwa ukurasa mmoja. Ule wa nyota.

Ulikuwa kwa Mzee Gidabuday, amefungia ugoro. Mzee huyu ng'ombe wake walikuwa wakilisha hapa kabla ngano haijajua njia ya kuja, na hakuona sababu ya kulifanyia shamba haraka. Bwana Theodory alimfikia akitweta na kusema, "Mzee, tunaomba hiyo karatasi." Mzee alitazama mlima Hanang. Bwana Theodory akarudia kwa sauti zaidi. Mzee aliendelea na mlima.

Bi Kornelia alikuja, akasimama mbele yake, akasema, "Shikamoo, mzee." Akaitikiwa marahaba. Akauliza habari za nyumbani, za ndama, za mvua ya upande ule, na za mguu uliokuwa unamsumbua mwaka jana. Ilichukua muda. Kisha mzee mwenyewe ndiye aliyeuliza, "Na huyu kijana wako aliyekosa salamu, anatafuta nini?" Akamwaga ugoro kwenye kiganja, akatoa karatasi. Namba zote zilisomeka.

Jumatatu ngano ilipandwa. Iliota.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kati ya karatasi alizofungua Bi Kornelia siku ile, moja ilikuwa barua ya Bwana Theodory kwenda makao makuu, iliyoandikwa Jumatano, kabla ya balaa lolote, ikipendekeza mashine ifungiwe na karani wake arudishwe mizani. Alhamisi ilichapwa na nyota ya Severine, na Ijumaa mwandishi wake aliifuta kwa kidole chake mwenyewe. Bi Kornelia aliisoma, akaikunja, akaiweka kwenye pochi, akarudi kuhesabu kurasa.

Wiki iliyofuata aliweka sheria yake: mashine ni mzee, isalimie kabla ya kuiomba. Kabla ya rm andika kwanza echo, amri inayokurudishia tu kile mashine ilichoelewa. Ukiona ilichoelewa ni vyote, unajua hujasalimiana vizuri. Na faili la nyota, ambalo Severine alikuwa ameliandika upya kwa jina lilelile, alilifuta mbele ya wote, nyota ikiwa imefungiwa ndani ya alama za kunukuu kama kuku ndani ya tenga.

Baada ya hapo palikuwa na kero moja tu ambayo hakuwahi kuitatua: diski ilikuwa inajaa kila mwaka. Tulifuta na kufuta, ikazidi kujaa. Mameneja watatu waliomba diski mpya. Yeye alisema tu kwamba mashine ina tumbo dogo.

Mwezi huu, akimkabidhi kazi Bi Fabiola anayeshika nafasi yake, ameeleza. Tangu Februari 1991 amri ya kufuta kwenye mashine yetu haifuti. Aliandika yake, akaipa jina lilelile. Kila ulichofuta kinahamishiwa kwenye saraka iliyofichwa, yaani kabati la mafaili ndani ya mashine, iitwayo zizi, na humo vimelala vyote, miaka kumi na miwili ya majungu, mashairi ya mapenzi na maombi ya uhamisho yaliyojutiwa. Wafanyakazi kadhaa wamekuwa na adabu isiyo ya kawaida tangu habari hiyo itoke.

Bwana Theodory alimwendea kwa faragha, akamwamkia kwanza, akauliza kama zizini kuna barua ya Jumatano fulani. Aliambiwa hapana, ile ilifutwa kabla zizi halijajengwa. Akashusha pumzi. Ndipo Bi Kornelia akafungua pochi. Nakala pekee ilikuwa humo, ina doa la mafuta pale pa kuweka sahihi. Bwana Theodory alitaka kuichana, kisha akasema aisome kwanza leo, hafla nzima isikie. Bi Kornelia alikataa vyote viwili. Alisema karatasi hiyo inajua kazi moja tu na iliifanya vizuri. Kwa hiyo leo, mezani kwa mgeni wa heshima, andazi la kwanza limefungwa ndani yake. Bwana Theodory ndiye atakayelipokea, na ameahidi kulimaliza taratibu.

Bi Kornelia, asante kwa miaka yote, hasa kwa yale tuliyodhani tumeyapoteza. Nenda Daudi kwa amani, mahindi yakuitike, magoti yakutii, na wajukuu wakuamkie kabla ya kuomba kitu.