Ndoo za Mchanga za Dhanji Kanji

Ndugu, jamaa na majirani wa Kibiti, upepo bado haujatulia, na kwa kuwa marehemu mwenyewe aliagiza kuni za kuuchoma mwili wake, kama ilivyo desturi ya Wahindu, zisiwashwe mpaka utulie, mjane wake Gangaben ameomba tuutumie muda huu kusoma habari za maisha yake.

Dhanji Kanji alizaliwa Nyamisati tarehe 14 Machi 1911, akasoma Dar es Salaam hadi mwaka 1926, akarudi kumsaidia baba yake dukani, na mwaka 1934 akafunga ndoa na Gangaben, wakahamia hapa Kibiti kufungua duka lao la nguo, unga na mafuta ya taa, wakapata watoto wawili, Hansaben na Jamnadas.

Tarehe 9 Januari 1948 kibatari kilianguka katika stoo yao penye madebe ya mafuta, naye Dhanji, kama ambavyo yeyote kati yetu angefanya, akapiga yowe yaletwe maji, majirani wakaja na ndoo, wakamwaga, mafuta yakaelea juu ya maji huku yakiwaka, yakapita chini ya mlango hadi nyumba ya makuti ya jirani yao Mwinjuma, na humo ndani alikuwamo mama yake Mwinjuma, Bi Tabu, ambaye miguu yake ilikuwa imekwisha nguvu, akafariki.

Tangu hapo Mwinjuma alipita barazani bila salamu, na kila alipopita Gangaben alimwona mumewe akisukuma sahani kando, mpaka Mei 1949 Dhanji alipomwachia mkewe duka, akaenda Dar es Salaam kusomea kuzuia na kuzima moto katika chuo cha jioni, darasa moja na vijana waliomwita babu, akafundishwa kuwa moto wa mafuta hufa ukinyimwa hewa, akarudi mwaka 1950, akaweka ndoo ya mchanga mbele ya kila duka, nasi tukazitupia maganda ya miwa.

Tarehe 2 Februari 1953, mchana, stoo ya mafuta ya jirani yake Hasham ilishika moto, kaskazi ikivuma kuelekea kwenye makuti, wanaume wakaja mbio na maji, Mwinjuma mbele, naye Dhanji akasimama mlangoni, akasema, "Maji hapana! Mchanga, ndugu zangu, mchanga!"

Mwinjuma akamjibu mbele ya wote, "Siku ile maji, leo mchanga, kesho utatuambia tuuzime kwa unga wa dukani kwako? Toka mlangoni, Bwana Dhanji!"

Dhanji hakutoka, shati likaanza kumwungulia mgongoni, na Gangaben, aliyekuwa ng'ambo ya barabara, akamwona Mwinjuma akiinua ndoo yake, akisita, kisha akiyamwaga maji yote mgongoni mwa Dhanji, akainama, akaanza kuijaza ndoo ile ile mchanga kwa mikono. Makuti hayakuungua.

Moshi wa siku ile ulimwachia kifua, akaugua sana tangu Agosti 1956, akafariki nyumbani kwake jana, tarehe 10 Februari 1957, alfajiri.

Familia inamshukuru daktari aliyemhudumia, wenye maduka wenzake, majirani waliokesha nayo, na Mwinjuma, ambaye tangu asubuhi amefyeka majani kuzunguka kuni hizi, akapanga ndoo za mchanga, na sasa amesimama penye ile ya upande wa makuti.

Mikorosho imetulia. Jamnadas, mwanetu, sogea uwashe kuni za baba yako.

Dhanji, pumzika kwa amani, moto huu tutaulinda sisi.