Ng'ombe wa Keroka na Msichana wa Chumba cha Nne

Lori la majani lilikuwa limechelewa kama kawaida yake, na kwenye kibanda cha kupimia chai, kando ya barabara ya Kabianga, benchi lilikuwa na wenyewe. Kipngeno, aliyeitwa Profesa kwa kuwa alifagia kumbi za chuo miaka sita, alikalia upande wa kivuli. Benard, aliyeitwa Daktari kwa kuwa hudunga ng'ombe sindano, alikalia upande wa jua. Katikati alikaa Rodah na chupa yake ya chai ya maziwa. Leo alimimina hadi kikombe kikafurika. Mpangaji wake wa chumba cha nne, mwanafunzi, hakuwa amefungua mlango tangu Jumatatu, na ugali aliomwekea kizingitini ulikuwa unaliwa na kuku.

— Ni yule Mkisii wako? akauliza Profesa.

— Ndiye. Darasani wenzake wamemtoa kwa grupu zote za kusoma. Wanaongea Kikipsigis chetu makusudi, na akiuliza wanamwambia akasome kwao. Juzi aliniambia, akiwa huko ndani, haoni haja ya kuamka.

— Hiyo haiwezi kufanya mtu awe mgonjwa. Mimi nilitolewa kwa kwaya na bado nakula. Shida ni baridi. Kichwa kilicholelewa kwa ndizi, ukikileta kwa majani chai, kinaganda.

— Hiyo ulisomea wapi?

— Nimefagia saikolojia yote, mama.

Daktari akatikisa kichwa.

— Mnakumbuka ng'ombe niliyenunua Keroka? Siku nne hali, anatazama ukuta tu. Nikamgeuza aangalie Keroka, akala kidogo. Nikamwekea redio ya Kikisii, akaongeza maziwa.

— Kwa hivyo tugeuze kitanda? akauliza Rodah.

— Kitanda ni kidogo. Tugeuze nyumba. Wanaume ishirini na magogo, jioni tumemaliza.

— Na wale wapangaji wa Bomet, wataangalia wapi?

— Hao wako kwao. Waangalie popote.

— Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe, akasema Profesa. Huyu ako mwaka wa pili na hata panga hatujampa. Lazima achanganyikiwe.

Rodah hakucheka.

— Na asipofungua kabisa?

Profesa akasogeza kikombe chake aongezewe.

Ndipo mzee mmoja akapanda kutoka barabarani, mfuko wa ndizi begani, viatu vimejaa tope.

— Hamjambo. Naitwa Orina, nimetoka Keroka. Nyakerario anaishi wapi?

— Nyakerario? Profesa akakuna kidevu. Hapa hakuna. Jaribu Sosiot.

— Aliniambia ni karibu na kibanda cha chai. Ni binti yangu, yuko chuo. Tangu Jumatatu hashiki simu.

— Mzee wangu, hapa tunajua kila mtu, akasema Daktari.

Rodah alikuwa ameshika kifuniko cha chupa, hajui pa kukiweka. Miaka miwili alikuwa akimwita "chumba cha nne".

— Daktari, yule ng'ombe wako anaitwa nani?

— Kemuma, akajibu papo hapo. Usipomwita hivyo, hakubali kukamuliwa.

Kisha akasikia alichosema, akaangalia viatu vyake.

Rodah akamtwika Profesa ule mfuko wa ndizi bila kumwomba, akamwongoza mzee hadi uani kwake. Akafukuza kuku, akainama mlangoni pa chumba cha nne.

— Nyakerario.

Akaita tena, polepole. Kitanda kikalia, na sauti nyembamba ikauliza:

— Nani amekuambia jina langu?