Gitaa la Cleotis Lasubiri Kinasa

Mbele ya duka la Stavros, fundi magitaa wa upande wa magharibi wa Detroit, kuna benchi ambalo ukweli wake ni kiti cha nyuma cha gari lililokufa zamani. Wastaafu wa kiwanda cha magari hukaa hapo kila asubuhi, wanakunywa kahawa ya Stavros bure na kumlipa kwa ushauri ambao hakuuomba. Tangu Krismasi mada ni moja tu, gitaa la marehemu Cleotis. Ni gitaa la zamani, tumbo tupu, kifua kimebinuka, na matundu mawili kama ya fidla. Kinasa chake, yaani kile kidude chenye sumaku kinachodaka mtikisiko wa nyuzi na kuupeleka kwenye spika, kimekufa. Kinasa kipya kiko mezani kwa Stavros, na kazi ya kukifunga haizidi asubuhi moja. Sasa ni Aprili.

Gitaa lenyewe lilikuwa limelala mapajani mwa Wendell, mdogo wake Cleotis. Shemeji yake Ernestine, mjane wa kaka yake, alikuwa kitandani na moyo uliochoka, na ombi lake lilikuwa hilo tu, alisikie tena lile gitaa kabla hajaenda zake. Wendell alimwahidi kwamba likipona tu, siku hiyohiyo yuko mlangoni, na atalipiga mwenyewe.

Stavros akatoka na chuma cha kulehemu mkononi.

— Wendell, leo namaliza. Lete hicho kitu.

— Thubutu uone, akasema Ozell, ambaye kijiwe kizima kinamwita Sumaku. Ukigusa lehemu ya kiwandani, umeua gitaa.

— Kinasa kimeshakufa, Sumaku.

— Kimelala. Sumaku ya zamani huchoka taratibu, ndiyo maana sauti yake tamu. Ukiliwekea mpya, yenye nguvu zake, itapiga kelele kama mkwe asiyejua adabu.

Stavros aliuliza sumaku iliyokufa inachoka vipi. Sumaku akamwambia kwamba hayo ndiyo maswali ya mtu asiye na sikio, akajiongezea kahawa ya huyohuyo asiye na sikio.

Hapo Fontaine akavua miwani. Fontaine aliwahi kusoma muhula mmoja chuoni, na tangu siku hiyo anaitwa Profesa, na kosa hilo hakuna aliyelisahihisha. Alisema Sumaku ni mtu mzuri lakini hajui kitu. Siri iko kwenye waya unaoizunguka sumaku. Enzi zile waya wa kinasa ulizungushwa na akina mama kiwandani, na akina mama wakikaa pamoja lazima wapige umbea.

— Sasa mkono wa mtu anayecheka haushiki waya sawasawa, akasema Profesa. Hapa unakaza, pale unalegea. Ule umbea ndio unaousikia kwenye nyuzi. Siku hizi mashine inazungusha kimya kimya. Utasikia nini?

— Umbea wa nani hasa? akauliza Stavros.

— Hilo haliwezi kujulikana bila kukifungua, na kukifungua ni dhambi.

Wendell alikuwa akitikisa kichwa kukubaliana na kila mmoja wao, kama hakimu ambaye hataki kesi iishe. Stavros alipomwangalia, akasema kwa upole kwamba hoja zote zina uzito, na kwamba labda wasubiri mpaka wiki ijayo. Wiki ijayo ya Wendell ilikuwa imeshazoeleka pale hata hakuna aliyeicheka.

Sumaku, kwa kuona Profesa amemzidi, akapandisha dau. Alikumbusha kwamba Cleotis alipiga kwenye mabaa miaka na miaka, watu wakivuta sigara mbele yake. Moshi wote ule umeingia kwenye kinasa. Kwa hiyo hata kama watafunga kipya, ni lazima kwanza kifukizwe moshi kama paja la nguruwe.

— Kuni za mti gani? akauliza Profesa, na wala hakuwa anatania.

Walikuwa wamefika kwenye ubishi wa mti wa tufaha dhidi ya mti wa mwaloni, gari liliposimama ukingoni mwa barabara. Akashuka Lorraine, binti wa Ernestine, bado amevaa kandambili za ndani na koti la baridi. Aliwaamkia wazee wote. Hakukaa.

— Baba mdogo, mama ameamka na akili zake zote leo. Daktari anasema tusizizoee siku kama hizi. Anakuulizia.

Wendell akalionyesha gitaa. Akaeleza habari ya kinasa, akaeleza sumaku, akaeleza lehemu, na alipofika kwenye moshi sauti ikampungua.

Lorraine alimsikiliza mpaka mwisho.

— Mimi sijui mambo ya ufundi, akasema. Ila baba alipokuwa anampigia mama jikoni, pale anapopika, alikuwa anachomeka spika wapi?

Sumaku akamtazama Profesa. Profesa akavaa miwani. Stavros, ambaye ndiye fundi, ambaye anajua kuliko wote kwamba magitaa ya namna ile yalichongwa ili yasikike bila umeme wowote, aliangalia chuma chake kikipoa na kuona aibu ya mtu mzima.

Wendell naye alikuwa akijua. Alijua tangu Krismasi. Alikuwa amekaa pale miezi yote akiwashukuru wajinga wawili kimoyomoyo kwa kumpa sababu, maana Cleotis hakuwahi kukosea, mtaa mzima unasema hivyo, na yeye hakutaka shemeji yake afe akiwa amesikia nakala mbovu ya Cleotis.

— Naogopa, Lorraine, akasema.

— Najua. Ingia garini.

Aliingia na gitaa bila kasha, kichwa cha gitaa kikigonga paa. Kabla gari halijaondoka alijaribu ule wimbo ambao Cleotis alikuwa anaupiga jikoni, taratibu, na sauti ikajaa mle ndani mpaka kwenye vioo. Pale kati, penye mkunjo mgumu wa wimbo, kidole kikateleza na uzi ukalia vibaya. Akasimamisha mkono, uso umemshuka.

Lorraine alikuwa ameweka gia. Akaitoa, akageuka.

— Rudia hapohapo, baba mdogo. Hapo hata baba alikuwa anakosea kila siku, na mama alikuwa anamcheka.