Fundi Msumari, Aliyempa Bintiye Uboho

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Msumari, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu kati ya saba wa mshona viatu na mkewe. Jina hilo alipewa utotoni, kwa sababu akishaingia kwenye jambo hang'oki bila koleo.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1968 hadi 1974. Siku ya chanjo, akiwa darasa la nne, aliona sindano akazimia kabla haijamgusa.

Mwaka 1979 alianza kujifunza kuchomelea vyuma, na 1986 akafungua karakana yake. Mageti mengi ya mtaa huu ni kazi ya mkono wake, hata lile lililopinda, ambalo mpaka mwisho alishikilia kwamba ni ukuta ndio uliopinda.

Tarehe 5 Novemba 1988 alimwoa mshonaji wa sare za shule. Walijaliwa mwana, na mwaka 2004, walipokuwa wameshakata tamaa, akaja binti, kitinda mimba wao.

Mwaka 2011 binti huyo alipatikana na saratani ya damu. Alitibiwa, akapata nafuu, tukashukuru. Februari 2015 ikarudi. Daktari alisema wazi kwamba dawa peke yake zisingetosha tena. Ilibidi apandikizwe uboho, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Kaka yake alipimwa, hakulingana. Mama yake alikuwa mgonjwa wa ini. Akabaki Msumari.

"Mzee, wewe unalingana nusu tu," daktari alimwambia. "Kuna hatari."

"Daktari, mimi miaka yote naunga vyuma visivyolingana. Chukua hiyo nusu."

Kwenye vipimo alizimia mara mbili. Kila alipozinduka alinyoosha mkono tena.

Tarehe 9 Juni mfuko mdogo wa uboho wake ulitundikwa, uboho ukaanza kudondoka tone kwa tone kwenye mshipa wa mtoto. Fundi alitazama kupitia kioo, kiuno kikimuuma pale ulipotolewa. "Ndiyo hiyo tu?" akauliza. Kisha akaona chuma cha dripu kinalegalega, akamwambia nesi, "Mwanangu, hicho nitakichomelea." Na alikichomelea.

Siku kumi na tisa alisimama pale kiooni, na kila asubuhi alimuuliza nesi neno moja kuhusu ule uboho: "Umeshika?" Siku ya ishirini nesi akaitikia kwa kichwa. Fundi alilia mbele za watu, wala hakujificha.

Moyo wake ulianza kuchoka mwaka 2022. Safari hii alichomwa sindano nyingi bila kuzimia, binti yake akiwa amemshika mkono. Alifariki dunia tarehe 2 Juni 2024, saa nne asubuhi.

Ameacha mjane, mwana mmoja, wajukuu watatu, na binti wa miaka ishirini. Binti huyo alizaliwa na damu ya kundi O. Leo damu yake ni kundi A, la baba yake, na mifupa yake inaitengeneza hata saa hii tunapomshusha fundi kaburini.

Lala kwa amani, fundi. Uboho wako ungali kazini.