Bendi Iliyochaguliwa na Simu ya Injinia

Usiku wa manane, kupitia ukuta wa chumba cha jirani, Tabita alisikia mwanamke akiimba, akatambua kuwa ni yeye mwenyewe. Hakulala tena. Miaka miwili nyuma, kabla hajampata mwanawe Ikupa, aliimba na bendi Jumamosi nne kwenye baa moja upande wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka wa Zambia, wakarekodi wimbo mmoja, akarudi kwao Tunduma asimwambie mtu. Na Jumapili hii Ikupa alikuwa abatizwe, na kanisani kwao mama aliyeimba baa hutengwa, na mama akitengwa mtoto naye habatizwi.

Asubuhi akabandika birika la kahawa yake ya kuuza penye benchi la kijiwe, mtoto mgongoni, akiomba simu ya jirani iliyoimba usiku iwe imekwisha chaji. Wapi. Jirani yake Injinia, fundi redio ambaye cheti chake hakijawahi kuonwa na mtu, alishaiweka katikati ya benchi, simu ya tachi yenye laini ya Zambia maana bando la kule ni rahisi, akimweleza Vocha, muuza vocha, kwamba ukisikiliza muziki mtandaoni, wimbo wako ukiisha simu yenyewe inakutafutia bendi usiyoijua. Jana usiku imempa bendi ya Nyota za Mpakani, na humo kuna dada anaimba mpaka nywele zinasimama.

— Imejuaje kama utaipenda? aliuliza Vocha.

— Inakusoma. Ukiruka wimbo inaandika, ukitikisa kichwa inaandika.

— Acha hizo. Imeona laini ya Zambia, ikadhani umehamia Nakonde. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Mwenyeji ni mimi, na sijapona. Tangu jana chakula hakipiti.

Kuanzia hapo wakapotea kabisa. Vocha akashikilia kuwa dada huyo ni mke wa mkubwa fulani Lusaka, anaimba kwa kujificha. Injinia akasema hakuna dada, simu inachota sauti za wanawake wanaobishana pale forodhani, inazipika pamoja. Tabita alimimina kahawa macho chini, akajiambia bora wadhani hivyo, bora apikwe.

Ndipo akafika Mzee Zebedayo, mzee wa kanisa, mwenye daftari la ubatizo. Ikupa alikuwa akilia, meno yanaota. Injinia akabonyeza wimbo ili mzee naye ahukumu. Magitaa yakapiga, mtoto akaendelea kulia. Dada akaingia, mtoto kimya, anainyooshea simu mkono. Magitaa yakarudi peke yake, kilio. Dada tena, kimya.

— Mbona mtoto ananyamaza huyu dada akiimba tu? aliuliza mzee.

Vocha akaanza, “Mtoto umleavyo,” akasita, hajui methali inampeleka wapi.

Kikombe alichokuwa akimmiminia mzee kilifurika, kahawa ikamtiririkia Tabita vidoleni, naye hakuusikia moto wake. Mzee alimtazama, akamtazama Ikupa, akasubiri wale wawili waanze tena kubishana juu ya simu. Akainama kuchukua kikombe.

— Jumapili saa tatu, mwanangu. Mvalishe kofia, kanisani kuna baridi.

— Baba mzee, mimi…

— Nimesikia. Simwambii mtu mwingine.