Aliyetaka Kila Kosa Lisemwe

Ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake, ninayewasomea ni dada yake mkubwa, na sauti ikinikatika mtanivumilia. Mdogo wangu, tuliyemwita Kivuruge, alizaliwa tarehe 9 Machi 1976, katika chumba cha nyuma ya duka la ushonaji la baba, akaanza shule ya msingi mwaka 1983, akamaliza sekondari mwaka 1995, na mwaka 1999 chuo kikuu, alikosomea kompyuta, baada ya kuifungua redio ya baba mara nyingi bila kuirudishia vizuri hata mara moja.

Tarehe 5 Februari 2001 aliajiriwa kwenye timu ya kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo ulioandikwa na watu kuwa amri ambazo mashine inazielewa, na kazi yake, msicheke, ilikuwa makosa ya wengine. Mtu akiandika kiolezo kibovu, yaani ruwaza ya msimbo yenye kosa, kompaila, badala ya kumwambia amekosea wapi, ilianguka yenyewe, basi Kivuruge aliuchukua msimbo ule, akaupunguza mstari kwa mstari, mpaka ikabaki mistari michache tu inayoiangusha, ndipo wenzake wakajua pa kurekebisha. Tukimtania kwamba analipwa kwa kukosea, alijibu kuwa mtu akikosea aambiwe, asifungiwe mlango usoni.

Tarehe 16 Agosti 2003 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi wa majokofu, mtu mpole hadi anakera, wakajaliwa binti mmoja, tarehe 2 Juni 2005, ambaye amesomea uuguzi.

Oktoba mwaka jana tumbo lilianza kumuuma, Novemba akaambiwa ni saratani ya kongosho na imeshasambaa, naye, yeye aliyetaka kila kosa lisemwe, akafunga mdomo, akatuambia ni vidonda vya tumbo, mumewe akaamini, nami nikaamini, kwa kuwa binti yake alikuwa na mitihani ya mwisho mwezi Mei, na hakutaka aiache. Jamani, nina hasira naye, nasema mbele yenu, na ningempata leo ningemgombeza kwanza, ndipo nimkumbatie. Alilazwa mitihani ilipokwisha, ndipo tukaujua ukweli, akafariki dunia Jumamosi asubuhi, tarehe 21 Juni 2025, sote tukiwa kando ya kitanda.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, majirani ambao hawajatuacha peke yetu hata saa moja, na wafanyakazi wenzake, waliomalizia kazi aliyoiacha mezani.

Nawe mwanangu, unayelia tangu juzi ukisema wewe ni muuguzi gani usiyeuona ugonjwa wa mama yako, nisikilize mama yako mkubwa, mama yako alikuficha kwa makusudi, na alijua kuficha, wewe hukukosea popote.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu, mtoto tunaye.