Fundi Sikio na Koni Aliyoikata Kabla ya Kupima

Ndugu wafiwa, majirani, mafundi wenzake na nyote mliofika kutushika mkono, familia imemteua binti wa kwanza wa marehemu kuisoma historia hii, ambayo ni fupi isipokuwa sehemu moja, na sehemu hiyo juzi ilijadiliwa na wazee wa familia kwa saa tatu, wengine wakisema msiba si mahakama na marehemu hasemwi vibaya, mpaka mjane alipotoa karatasi yenye mwandiko wa mumewe, iliyoagiza kwamba sehemu hiyo ikirukwa, basi na mengine yote yasisomwe.

Marehemu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Fundi Sikio, alizaliwa tarehe 9 Juni 1952, mtoto wa nne kati ya saba wa baba mwashi na mama mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya treni, ambamo, kwa maneno ya dada yake mkubwa, aliyetaka kusikilizwa ilibidi asubiri treni ipite kwanza. Alisoma shule ya msingi ya mtaa huo kuanzia Januari 1960 hadi Desemba 1966, akaendelea na sekondari kwa miaka miwili, akaacha Novemba 1968 karo iliposhindikana, hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho, ila mwalimu wake wa hesabu aliandika kwenye ripoti kwamba kijana huyu anasikia haraka kuliko anavyofikiri, na marehemu aliwasomea wageni ripoti hiyo maisha yake yote akidhani amesifiwa.

Tarehe 3 Machi 1969 aliajiriwa kufagia karakana ya redio, baada ya miaka minne akawa fundi wa spika, na tarehe 5 Januari 1979 alifungua karakana yake mwenyewe, chumba kimoja kati ya kinyozi na duka la vioo, akishughulika na spika kuukuu za ampilifaya za magitaa na vinanda, zilizotoka kwenye bendi zilizovunjika na kumbi zilizofungwa. Kazi yake ilikuwa kuzithamini na kuzivisha koni mpya, na kwa msiojua, koni ni ile karatasi inayotetemeka mpaka sauti itoke, nyuma yake pamegandishwa koili, yaani waya mwembamba uliozungushwa na kukaa ndani ya sumaku, na spika ya zamani yenye koni yake ya kiwandani ina thamani kubwa kuliko iliyovishwa mpya, kwa sababu karatasi ile imezoeshwa kazi kwa miaka mingi na sauti yake ni moja tu duniani, ikishakatwa ndiyo basi. Mwaka 1987 mama mmoja muuza mkaa alimletea spika aliyokuwa akiikalia kibandani kwake, akiomba bei ya chuma chakavu, marehemu akasoma namba za kwenye fremu, akanusa gundi, akamwambia kwamba miaka yote hiyo amekalia kodi ya nyumba ya mwaka mzima, kisha akamtafutia mnunuzi bila kujikatia chochote, na tangu siku hiyo mji mzima ukasema Fundi Sikio hadanganyi.

Tarehe 18 Agosti 1979 alifunga ndoa na muuguzi, aliye mjane wake leo, wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza mwaka 1981, wa pili 1984 na wa mwisho 1988, na pamoja na mke alipata shemeji, mdogo wa pekee wa mkewe, mpiga gitaa mnayemjua kwa jina la Vidole, ambaye gitaa lake ndilo lililowalaza watoto hao watatu usingizi, na ndiye aliyewanunulia gitaa dogo la mazoezi. Vidole ameketi safu ya pili karibu na dirisha, yeye hakuitwa kwenye kikao cha juzi, hajui kilichomo kwenye boksi lililo hapa mezani, na familia inamwomba asikilize mpaka mwisho, halafu afanye atakavyo.

Siku ya Jumatano, tarehe 14 Machi 2001, kama saa kumi alasiri, Vidole alileta karakanani spika yake ya inchi kumi na mbili, ya mwaka 1964, aliyoachiwa na kiongozi wa bendi yake ya kwanza, koni ya kiwandani haijaguswa na mkono wa fundi yeyote, nayo ilikuwa imenyamaza ghafla mazoezini, siku kumi kabla ya onyesho ambalo lingeamua kama bendi kubwa itamchukua au itamwacha. Marehemu aliigonga koni kwa ukucha, akatega sikio, akavuta pumzi, akasikia harufu ya kuungua, akatamka kwamba koili imeungua na koni lazima itoke, wala hakunyanyuka kuchukua mita ya kupimia umeme iliyotundikwa msumarini hatua mbili kutoka alipoketi, kwa kuwa kwa miaka thelathini na miwili sikio na pua havikuwahi kumwangusha. Vidole alimuuliza mara mbili kama ana hakika, akaambiwa aende akanywe chai, na kisu kikazunguka ukingo wote, na koni ilipokuwa tayari imo mkononi ndipo marehemu alipogeuka akaona kwamba kinachoungua ni kitambaa cha mezani, chini ya chuma chake mwenyewe cha kulehemu. Akapima, koili ikawa nzima, kilichokatika ni uzi mmoja wa waya pale unapoungana na fremu, kazi ya tone moja la risasi na dakika mbili.

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini alichofanya marehemu ni kufuta meza, kwa sababu Vidole aliporudi alikuta koni mpya imeshapakwa gundi, akaambiwa koili ilikuwa mkaa mtupu. Jumamosi ya tarehe 24 Machi koni hiyo mpya, ambayo haikuwa imelegea bado, ilitoa sauti kavu na ngumu, kama ya mtu anayesema ameuma meno, Vidole akaitafuta sauti yake kwa kubadilisha mkono, akapotea katikati ya wimbo, akaachwa, na Jumatatu iliyofuata akaja kuuliza kama tatizo ni spika, na marehemu, yule asiyedanganya, akamjibu kwamba spika iko sawa, labda ni mkono umechoka. Vidole aliamini, kwani nani asingeamini, akaliuza gitaa mwezi huohuo, akawa dereva wa gari la mikate hadi alipostaafu, na kwa miaka ishirini na tatu, kila familia ikikutana, amekuwa akitania kwamba vidole vyake vilikufa vijana, sote tukicheka, isipokuwa mtu mmoja aliyekuwa akitazama sahani yake. Yale maandishi yaliyo juu ya mlango wa karakana, Mita Kwanza Kisu Baadaye, ambayo mafundi wengi hapa mmeyanakili kwenye kuta zenu, hayakuwa busara, yalikuwa kidonda.

Kuanzia mwaka 2016 masikio ya marehemu yalidhoofika, akawa anazisikiliza spika kwa kuweka kiganja juu ya koni, na Februari 2024 kikohozi kilichotokana na miaka ya gundi na moshi kikamlaza, akapokelewa hospitali tarehe 2 Septemba, ambako Vidole alifika kila Alhamisi kumnyoa ndevu na kumkata kucha, na ilikuwa Alhamisi moja, tarehe 19, Vidole alipokwisha kuondoka, ndipo marehemu alipomwomba mkewe karatasi na kalamu, akaandika yote hayo, akampa asome. Mkewe hakusema naye kwa siku mbili, siku ya tatu akarudi na uji. Marehemu alifariki Alhamisi, tarehe 3 Oktoba 2024, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili, bila kupata ujasiri wa kulisema kwa mdomo, na bintiye anayesoma hapa anampenda na amemkasirikia, na hajui lipi litangulie.

Boksi hili lina koni ile ya mwaka 1964, iliyofungwa kwa kitambaa chenye alama ya kuungua, haiwezi kurudishwa kwenye spika, lakini leo asubuhi koili yake imepimwa mbele ya mafundi watatu na bado ni nzima. Mjomba, vidole vyako havikuwa na kosa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya kifua, majirani waliotuachia viti na nyumba zao, kinyozi na mwenye duka la vioo waliofunga kazi siku tatu, mafundi wenzake, na zaidi ya wote Vidole, ambaye tunamshukuru kwa zile Alhamisi na hatumwombi kingine. Maneno ya kumuaga marehemu, ambayo kwa kawaida msomaji ndiye huyasema, marehemu ameagiza yasemwe na shemeji yake, na kama hataki, historia iishie hapa.

Yafuatayo yameongezwa kwenye nakala ya familia siku ya pili yake. Msomaji alikaa. Vidole alikuja mezani, akafungua kitambaa, akaigeuza koni na kuitazama koili, akafungua na kufumba mkono wake wa kushoto mara kadhaa, kisha akairudisha ndani, akalikwapua boksi akalibana kwapani. Alisogea hadi kwenye jeneza, akasema, "Pumzika kwa amani, shemeji. Mimi na wewe hatujamalizana," akatoka nje. Jioni hiyo alimpigia binti wa marehemu, akauliza kama lile gitaa la mazoezi la watoto bado lipo.